Sherehe Isiyo na Kesho Yake

Joho la shahada ya uzamifu hukodishwa. Jambo hilo sikuwa nimelifikiria mpaka Jumatatu iliyofuata mahafali, nilipolirudisha dirishani likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa soko. Bwana wa dirishani alilikung'uta, akalitandaza mezani, akakagua mikono na kola kama anayekagua kondoo mnadani. Akakuta doa la mchuzi kifuani.

"Mlikula, Daktari," akasema.

"Tulikula," nikajibu.

Akalitupa juu ya majoho mengine. Nikatoka nje nikiwa na shati langu la kila siku, na hapo ndipo nilipolihisi lile jambo likinishukia, taratibu, kama mtu anayenitwika gunia mabegani bila kuniuliza kama niko tayari.

Jambo hilo ninalijua. Tumejuana tangu ujana. Lilinijia nilipopata shahada ya kwanza, nikarudi nyumbani na kushinda nimekalia sanduku langu la bati, nisitake hata kulifungua. Lilinijia baada ya harusi; mke wangu, bado bibi harusi mbichi, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimejuta. Nikamwambia la, nilikuwa naangalia ukuta tu. Watu wengine wakishavuna hupumzika. Mimi nikishavuna hubaki nimesimama shambani nikiangalia mabua.

"Umeanza," mke wangu alisema jioni ile, aliponikuta sebuleni.

"Nimeanza nini?"

"Kuangalia ukuta. Chai iko kwa chupa. Ukimaliza na ukuta, geukia dirisha, angalau huko kuna watu."

Ni mwanamke mwenye huruma nyingi, lakini ameshaitumia yote kwa matukio yaliyotangulia.

Niseme kidogo kuhusu shahada yenyewe, kwa maana hakuna atakayeniuliza tena. Nilitafiti vijia vya miguu vinavyokatiza mashamba ya miwa: vinazaliwaje, nani huvipita, na vinakufaje miwa inaporefuka. Kazi hiyo ilinichukua zaidi ya miaka kumi. Kuna vijia vilivyokufa na kufufuka mara kadhaa huku mimi bado niko kwenye sura ya tatu. Katika miaka hiyo yote nilikuwa na kisingizio cha kila kitu. Paa likivuja: nikimaliza shahada. Kitambi kikiongezeka: nikimaliza shahada. Sasa nimemaliza, paa linavuja, na kitambi kimekaa mezani pamoja nasi kama mwanafamilia.

Sherehe tuliifanyia nyumbani kwa mama yangu, upande wa Malava, na kwa sababu ndiyo kiini cha haya yote, nitaieleza. Mama ni mjane. Analima mahindi mbele ya nyumba na miwa kidogo nyuma, na ni mwanachama mkongwe wa kikundi cha akina mama wa kanisani, wale ambao hupika katika kila harusi na kila matanga kwa umbali wa mtu kutembea asubuhi nzima. Kikundi hicho kina sufuria zake kubwa, za kutosha kumwogeshea mtu mzima, na mwenyekiti wake ni jirani yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Mimi nikaamua kwamba siku ile akina mama hawangeguswa na moshi. Walikuwa wamenipikia maisha yangu yote. Nikaleta watu wa upishi kutoka mjini Kakamega: vijana wenye kofia nyeupe na glavu, na vyombo vinavyong'aa vyenye moto mdogo chini yake, ili ugali ukae moto mpaka mgeni wa mwisho. Viti vikavalishwa vitambaa na kufungwa utepe. Nikawapanga akina mama wa kikundi mstari wa mbele kabisa.

"Leo mama zangu," niliwaambia kwa kipaza sauti, joho likinibana makwapani, "mtakaa, mtakula, mtahudumiwa. Hakuna kushika mwiko!"

Watu wakapiga makofi. Jirani yetu akajibu, "Asante, baba," kwa sauti ambayo ningeichunguza kama ningekuwa na akili ya kuchunguza. Lakini nilikuwa na kofia yenye shada.

Ilikuwa siku nzuri, siwezi kudanganya. Mama alilia, akacheza, akalia tena. Aliniwekea mkononi firigisi ya kuku, ile ambayo kwetu hupewa mwenye heshima, akaniangalia mpaka nikaimeza. Jioni watu wa kofia nyeupe wakaosha vyombo vyao kwa maji waliyokuja nayo, wakafungasha mabaki, wakafagia, wakakunja hema. Giza lilipoingia, ua ulikuwa safi kana kwamba hakuna kitu kilichokuwa kimetokea. Nilijisifu sana kwa hilo. Asubuhi nikaendesha gari kurudi mjini.

Desemba ikapita, na Krismasi ikapita ndani yake. Januari jua likawa kali, trela za miwa zikatimua vumbi barabarani, nami nikaendelea kuangalia ukuta. Nilifundisha. Nilisahihisha. Wenzangu waliniita Daktari kwa muda wa wiki mbili hivi, halafu wakarudi kuniita Mwalimu, nami sikuwalaumu, maana hata mimi nilikuwa nageuka kutazama nyuma kila nilipoitwa. Nilikuwa naamka nimechoka. Si uchovu wa kazi, ambao una adabu na huondoka ukilala. Huu ulikuwa ukinisubiri kando ya kitanda ukiwa umeshavaa.

Nikiwa katika hali hiyo, jirani yetu akapiga simu.

"Daktari, mama yako amelala."

Nikasimama. "Amelala vipi?"

"Usiogope, yuko hai. Amelala tu. Analalanga mpaka jua linaingia mlangoni. Leo ni saa nne na kuku bado hawajafunguliwa. Na shamba halijalimwa. Watu wote wamelima, yeye tu."

Mtu asiyemjua mama yangu hawezi kuelewa uzito wa habari hizo. Mama huamka kabla ya jogoo, na nina hakika jogoo wake humsubiri yeye. Mahindi yake huwa ardhini mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Hajawahi kuchelewa hata mwaka aliomzika baba. Mwanamke wa umri wake akiacha kulima, huko kwetu watu hawasemi amestaafu. Huanza kuangalia mahali atakapolazwa.

Nikaenda kumchukua, nikampeleka hospitali. Walimpima presha, sukari, malaria, figo. Daktari, yule wa kweli, msichana wa umri wa binti yangu, aliangalia majibu akatabasamu.

"Mama yuko sawa kabisa." Kisha akanitazama mimi. "Lakini wewe, mzee, hebu leta mkono."

Presha yangu ilikuwa imepanda. Tulirudi Malava mimi nikiwa na dawa na mama akiwa na ndizi.

Nilimkalisha kwenye kiti chake barazani. Alikuwa amevaa kitenge cha sherehe, jambo lililonishtua, maana hicho ni cha kuwekwa kwa siku kubwa.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Basi ni nini?"

Mbele yetu shamba lilikuwa limejaa mabua ya mwaka jana, hakuna hata jembe lililokuwa limeligusa.

"Nimemaliza," akasema.

"Umemaliza nini?"

"Kazi yangu. Baba, mimi nilikuwa naamka alfajiri nakuombea hiyo shahada. Kila siku. Mvua, baridi, hata nikiwa mgonjwa. Namwambia Mungu, huyu mtoto ameanza kitu, msaidie amalize, asiniaibishe. Sasa umemaliza." Akafungua viganja vyake kunionyesha kwamba ni vitupu. "Mungu amejibu. Nikimwamsha alfajiri sasa nimwambie nini? Nimsalimie tu nirudi kulala?"

"Uombee wajukuu."

"Hao wana mama yao anawaombea."

"Uombee nchi."

"Nchi ina watu wengi wa kuiombea, na bado unaiona."

Nilikuwa nimekaa pale, mtu mzima, mtaalamu wa vijia, nikisikia mtu mwingine akiueleza ugonjwa wangu neno kwa neno. Ningeweza kumwambia: mama, hata mimi. Sikumwambia. Nilimwambia ale vizuri na apate hewa safi, ushauri ambao mtu humpa mgonjwa wa mtu mwingine.

Jirani yetu alinisindikiza hadi kwenye gari. Nikamuuliza kama kikundi hakimtembelei.

"Tunamtembelea. Anakaa tu. Hata umbeya hataki." Akasimama, akashika kiuno. "Lakini wewe, Daktari, nikuulize. Kesho ya ile sherehe yako uliipeleka wapi?"

"Kesho gani?"

"Sherehe si huwanga na kesho yake? Sisi tulikula kama wageni. Wale wa kofia nyeupe walituangalia kama tunataka kuiba vijiko. Sufuria zetu zilikaa nyumbani zimefunikwa kama maiti. Tukapewa maji ya chupa, tukaambiwa bai-bai."

"Nilitaka mpumzike."

"Tulipumzika," akasema. "Tulipumzika mpaka tukakasirika."

Akaenda zake akicheka. Niliendesha gari kurudi mjini polepole, na mahali fulani kati ya mashamba ya miwa nikaikumbuka kesho ya harusi yangu, ambayo mimi niliikosa kwa sababu ya ukuta, lakini niliisikia kupitia dirishani.

Kesho yake akina mama walikuwa wamerudi. Hawakualikwa, hakuna anayealikwa. Walikuja wamefunga leso viunoni, wakaketi uani wakizungukwa na sufuria nyeusi, kila mmoja na gunzi la mahindi na majivu, wakawa wanasugua. Walikwangua ukoko wa ugali wakautafuna na mchuzi uliolala. Na walisema. Nani alificha nyama mkobani. Nani alicheza kama anayekanyaga siafu. Shangazi gani wa upande wa bibi harusi alikula mara tatu akisema ana vidonda vya tumbo. Mama alikuwa katikati yao, miguu imevimba, sauti imekauka, akicheka mpaka anashika ubavu. Waliitafuna ile harusi siku nzima. Kufikia jioni ilikuwa imekuwa ndogo kiasi cha kumezwa. Na kila mmoja akaenda kulala amechoka kwa uchovu ule wenye adabu.

Mimi ndiye niliyeikata siku hiyo kwenye sherehe yangu, nikidhani nakata uchafu. Mama aliamka asubuhi akakuta ua uliofagiwa na watu asiowajua. Hakukuwa na sufuria hata moja chafu. Hakukuwa na wa kucheka naye. Jana alikuwa amebebwa juu juu, na leo hakuna hata ngazi ya kumteremsha.

Nilimpigia mwenyekiti simu kabla sijafika nyumbani. Nikamwambia nataka kuirudisha ile kesho. Nikasikia vicheko vya watu kadhaa. Kumbe alikuwa ameweka simu wazi, wote wasikie.

"Imechelewa, Daktari. Imeota ukungu."

"Basi tulime shamba la mama Jumamosi, mpike kwa sufuria zenu, na mimi nioshe."

"Uoshe nini?"

"Sufuria."

Simu ikakatika, nadhani kwa sababu aliyeishika alikuwa ameidondosha.

Walikuja. Ng'ombe wa jirani walivuta plau tangu asubuhi, na uani moshi ulipanda kama zamani. Kulikuwa na obusuma, yaani ugali wa kwetu, mboga za kienyeji, na ingokho, kuku wawili ambao mama alisema walikuwa wanataga, lakini alisema bila nguvu. Alikaa kwenye kiti chake barazani na kitenge chake cha sherehe, akitazama kama mtu anayetazama shamba la wenyewe. Nilimwangalia kila mara. Hakusimama kuonja chumvi. Plau lilipogonga jiwe, hakugeuza shingo.

Baada ya kula nikakunja mikono ya shati na kushika sufuria kubwa kuliko zote. Akina mama walivuta vigoda vyao karibu. Mke wangu, aliyekuja kwa ajili hiyo tu nadhani, alijipangia mahali pazuri pa kuona.

Sasa, sufuria ya kuni hupakwa tope la majivu kwa nje kabla ya kuinjikwa, ili masizi yaungane na tope na kutoka kwa urahisi. Hiyo yangu hawakuipaka. Walidai walisahau. Nilisugua mpaka mikono yangu ikawa rangi moja na sufuria, na sufuria ikabaki vilevile.

"Daktari, usiiumize."

"Mwacheni, anaiandikia sura ya tatu."

"Mama Watoto, nyumbani pia huoshanga hivi?"

"Nyumbani," mke wangu akasema, "huangalia tu zikijiosha."

Nilimwaga majivu. Nikaongeza mchanga. Nikabadilisha gunzi. Nikainamisha kichwa ndani ya sufuria nikaanza upande wa ndani, na humo nikasikia, kwa mwangwi, sauti kutoka barazani.

"Unaipapasa."

Nilitoa kichwa. Mama alikuwa amekunja uso.

"Nasugua, mama."

"Unaipapasa. Sufuria si mgonjwa. Weka goti."

"Goti wapi?"

"Goti hapo! Hapo! Uishikilie! Aii, huyu mtoto."

Nikaweka goti. Sufuria ikaniponyoka, ikabingirika uani ikitoa mlio kama kengele ya kanisa, ikawapita kuku, ikasimama ilipogonga ngazi ya baraza. Hakuna aliyecheka. Mama aliitazama ile sufuria miguuni pake. Kisha akashika magoti yake kwa mikono miwili, akanyanyuka, akaingia ndani.

Nilihisi nimeshindwa. Niliketi kwenye majivu.

Alitoka akiwa amevaa gauni lake kuukuu la shambani, leso kiunoni. Akaivuta sufuria, akaiwekea goti, akachukua gunzi mkononi mwangu bila kunitazama.

"Siku ya sherehe," akasema, akianza kusugua kwa mizunguko mikubwa, "yule mwalimu mwenzako mwenye kipara, ni nani alimfundisha kula? Alichukua mapaja mawili, akayafunika na wali kama anayepanda viazi."

Uani palilipuka. "Uliona!" mwenyekiti akapiga kelele. "Nilifikiri ni mimi peke yangu!" Na ikaanza, ikiwa imechelewa miezi na imeota ukungu: kijana wa kofia nyeupe aliyeogopa jogoo, mchungaji aliyeombea chakula mpaka moto chini ya vyombo ukazima, na mimi, ambaye inasemekana nilitembea na lile joho kama kuku aliyenyeshewa anayejaribu kukauka huku anaonekana.

Walipoondoka jua lilikuwa limelala juu ya miwa. Mke wangu alikuwa akiswaga kuku kuelekea bandani. Mimi na mama tulikaa kwenye ngazi, wote weusi hadi viwiko. Shamba mbele yetu lilikuwa limegeuzwa, jekundu, lina harufu ya mvua isiyofika bado.

"Mama," nikasema. Ilikuwa rahisi zaidi kuliambia shamba. "Tangu niliporudisha lile joho sina nguvu. Naamka nimechoka. Sitaki kitu."

Aligeuka akanitazama.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na ulikuja hapa, ukanibeba mpaka hospitali, ukaniuliza naumwa wapi?"

"Ndiyo."

Akasonya, msonyo mrefu wenye kila kitu ndani yake. "Umesoma miaka yote hiyo," akasema, "na hukuona tunaumwa kitu kimoja?" Kisha akanifuta masizi shavuni kwa ncha ya leso, akayasambaza zaidi, akaenda kufunga kuku.

Tulilala huko. Sikupona usiku ule. Naandika haya nikiwa bado ninaamka na uchovu umekaa kando ya kitanda, ingawa siku hizi haujavaa viatu. Lakini alfajiri, kabla ya jogoo, niliisikia sauti ya mama kupitia ukutani. Ukuta ule ule ambao nimeuangalia sana maishani mwangu, na sikuwahi kujua kuwa upande wa pili kuna kazi inafanyika.

Alikuwa anamwambia Mungu kwa Kiluhya, kwa sauti ya mtu aliyekuwa safarini na sasa ana habari nyingi. Alimshukuru kwa shamba. Akamwomba radhi kwa ukimya. Kisha akaanza kumweleza habari zangu. Hakunibakishia kitu. Alitaja presha yangu kwa tarakimu zake. Alitaja kitambi. Akamwambia kwamba Yeye alimpa huyu mtoto shahada vizuri sana, lakini labda kulikuwa na kitu kilichosahaulika, maana hana furaha, hana nguvu, na sufuria hajui hata kuishika. "Hii ni kazi kubwa," nikamsikia akisema. "Hii itachukua miaka."

Mke wangu alikuwa ameamka pia, akitingisha kitanda kwa kicheko anachokizuia. Nilivuta blanketi. Huko nje mlango ukafunguliwa, na kuku wakaanza kulalamika kwamba ni mapema mno.